Hitilafu za Ujenzi wa Programu Zitokanazo na Upakuaji Mbovu wa Msimbo Chanzo

Ujenzi wa programu unapokwama, kompaila ndiyo hushukiwa kwanza, ilhali wakati mwingine kasoro imo katika kifurushi cha msimbo chanzo kilichopakuliwa. Mifumo kama Homebrew na Bazel huhakiki kifurushi kwa alama ya SHA-256, yenye tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Alama zisipolingana, linalothibitika ni moja tu: baiti zilizopokewa si zile zilizotarajiwa. Chanzo cha tofauti hiyo bado hakijajulikana.

Ukubwa wa faili huchunguzwa kwanza. Faili lililopungua huashiria upakuaji uliokatika. Lililo dogo mno aghalabu ni ukurasa wa HTML wa kuomba nywila ya mtandao, uliohifadhiwa kwa jina la kifurushi. Faili halisi la gzip huanza na baiti 1f 8b. Aidha, faili bovu lisipofutwa katika hifadhi ya muda ya kompyuta, kila jaribio hurudia kosa lilelile.

Hata hivyo, tofauti ya alama si lazima iwe uharibifu. Tarehe 30 Januari 2023, GitHub ilibadili namna ya kubana vifurushi. Msimbo ulibaki uleule, lakini alama zilibadilika na kazi nyingi za ujenzi zikakwama hadi badiliko hilo lilipoondolewa. Wapo wanaotatua hali kama hiyo kwa kunakili tu alama mpya mahali pa ile ya zamani. Njia hiyo ni ya hatari, kwani msimbo uliopenyezwa na mdukuzi nao hupitishwa vivyo hivyo. Kabla ya kubadili alama, kifurushi kipakuliwe upya kupitia mtandao mwingine, kifunguliwe, na yaliyomo yalinganishwe na toleo lililotiwa saini ya kidijitali na watunzaji wa programu.