Kuku wa Nchi ya Theluji Hahitaji Upanga Mrefu

Askari wa zamu ya alfajiri katika mji wa Kabale, ulioko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hahitaji kuambiwa baridi ni kitu gani. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande, kipimajoto husoma digrii kama 10, na koti zito la serikali huonekana jepesi. Huko nyumbani mkewe huwahurumia kuku. Huwakusanya wote katika kibanda kimoja, huziba kila tundu kwa magunia, kisha hufunga mlango. Baada ya siku chache huenda akawakuta wawili watatu wakikoroma na kutokwa na kamasi, na lawama zote huipata baridi.

Yafaa basi kuitazama nchi ambayo baridi yake haina mzaha, na kuona jinsi kuku, mbwa na paka wanavyoishi huko. Nchi hiyo ni Kanada, na hasa jimbo lake la Quebec, ambalo wenyeji wake wengi husema Kifaransa. Upande wa magharibi wa jiji la Montreal kuna kijiji kiitwacho Oka, kando ya ziwa. Wakati wa joto magari huvushwa kwa kivuko. Majira ya baridi yakishika sawasawa, maji huganda hata magari yakapita juu ya ziwa kama juu ya barabara. Usiku wa Januari, digrii 15 chini ya sifuri si habari ya kutangaza, na zipo siku zinazofika 30 chini ya sifuri. Katika siku fupi za Desemba jua huchomoza yapata saa moja na nusu asubuhi, nalo hutua saa kumi na robo, saa ambayo watoto wa Kampala bado wamo uwanjani wakicheza mpira.

Katika mashamba madogo ya jimbo hilo bibi wa nyumba huamka gizani. Kwanza huchochea moto katika jiko la chuma lenye bomba la kupeleka moshi nje. Kuni zake zilipasuliwa mwaka uliotangulia, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto haba. Kisha huvaa mabuti na makoti, akaelekea bandani na ndoo ya maji ya vuguvugu. Maji ndiyo kazi kubwa kupita zote. Kuku hunywa maji ambayo uzito wake ni kama mara mbili ya chakula anachokula, na karibu robo tatu ya yai ni maji matupu. Akikosa kunywa huacha kula, na asipokula hana cha kumtia joto usiku. Lakini maji yaliyotiwa saa moja huenda yakawa barafu ilipofika saa tatu, hivyo ndoo husafiri mara tatu au nne kwa siku kati ya jiko na banda. Mayai nayo hayangoji. Yai likisahauliwa kiotani huganda, ukiwe wake hutanuka, na ganda hupasuka.

Kuku mwenyewe haipendi theluji. Mlango ukifunguliwa husimama kizingitini, hunyanyua mguu mmoja, huuangalia ule weupe, kisha hurudi ndani kama afisa aliyekataa kutia sahihi. Ili atoke hutandikiwa njia ya majani makavu au majivu ya jiko. Majivu hayo hayo hutiwa katika sanduku ndani ya banda, apate kuoga vumbi na kupunguza chawa. Na kwa kuwa kuku aliyefungiwa siku nyingi huchoka na kuanza kuwadonoa wenzake, watu humning'inizia kabichi kwa kamba ili awe na shughuli ya kufanya.

Hapo ndipo mgeni atokaye nchi za joto hushangaa. Angetazamia kuona banda lililozibwa kabisa, lakini katika baridi ile ile iwezayo kugandisha mkojo wa ng'ombe kabla haujaenda mbali, banda zuri la Quebec lina matundu ya hewa wazi chini ya paa, usiku na mchana. Matundu hayo yako juu sana, ili upepo usiwapige kuku walalapo, ila hayafungwi. Sababu yake ni hii. Joto la mwili wa kuku ni kiasi cha digrii 41, nao manyoya yake ni blanketi ambalo hakuna kiwanda kilichoweza kulishinda. Akiwa mkavu na ameshiba huustahimili usiku mkali. Bali kila pumzi yake hutoa mvuke, na kinyesi chake kina maji mengi. Banda likizibwa, mvuke huo hauna pa kwenda. Hushuka juu ya manyoya, juu ya matandazo, na juu ya upanga wa kichwani. Kisha hewa ya kinyesi, ile amonia ichomayo macho, huunguza mapafu na kuyafungulia maradhi mlango.

Wafugaji wa huko wana njia mbili rahisi za kulipima jambo hili, na zote mbili hazigharimu senti. Ya kwanza ni kulitazama dirisha la banda wakati wa alfajiri: likiwa na sakitu, yaani umande ulioganda, kwa upande wa ndani, basi unyevu umezidi na tundu la hewa halitoshi. Ya pili ni kuinama mpaka pua iwe pale kilipo kichwa cha kuku alalapo. Mtu akitokwa na machozi, kuku amekuwa akilia usiku kucha. (Njia hii ya pili inafaa Kabale, Kapchorwa na popote penye kuku, maana pua haihitaji theluji.)

Ama huo upanga wa kichwani, yaani ile nyama nyekundu ambayo jogoo hujivunia, ndio unaoumia kwanza. Hauna manyoya ya kuufunika. Ukiwa na unyevu na baridi ikazidi, nyama huganda, hugeuka nyeupe, kisha nyeusi, na mwishowe ncha zake hukatika. Jogoo aliyepatwa hivyo huona maumivu, na kwa muda aweza kushindwa kazi yake ya kurutubisha mayai. Wengine huupaka mafuta mazito kila jioni, ingawa si wote wanaokubali kwamba yanasaidia. Vidole vya miguu huponea mahali pengine: kuku hupewa ubao mpana wa kulalia badala ya fito nyembamba, akakaa juu ya vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya ya tumbo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwa na mtawa mmoja katika monasteri ya Oka, Ndugu Wilfrid Châtelain, aliyekuwa akishughulikia ufugaji wa kuku. Aliona kwamba kuku wote waliofugwa Kanada walitoka katika nchi nyingine, na hakuna hata mmoja aliyeumbwa kwa baridi ya pale. Kuanzia mwaka wa 1908 hivi alianza kuchanganya damu za aina 5: Dark Cornish, White Leghorn, White Wyandotte, White Plymouth Rock na Rhode Island Red, yule kuku mwekundu ambaye wafugaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu vema. Haikuwa kazi ya msimu mmoja. Mnamo mwaka wa 1918 ndipo alipowaonyesha watu kuku wake, na mwaka wa 1921 chama cha wafugaji cha Marekani kiliandika sifa zake katika kitabu chake cha vipimo. Aliitwa Chantecler. Ni mweupe, mzito, anataga hata wakati wa baridi, na upanga wake ni kama kifungo cha shati kilichobanwa kichwani. Ndevu za chini ya mdomo nazo hazionekani kwa urahisi. Baridi imtafutapo haioni pa kumshika.

Kutaga kwenyewe huenda zaidi na mwanga kuliko joto. Kuku hutaka mwanga wa saa 14 au zaidi kwa siku ili atage vizuri, na Desemba ya Quebec humpa saa zisizofika 9. Basi baadhi ya watu huwasha taa ndogo bandani kabla ya mapambazuko, na wengine humwacha kuku apumzike mpaka mwaka ugeuke. Taa kubwa za kutia joto ni jambo jingine. Taa ikianguka juu ya majani makavu, banda lote huwaka.

Mbwa wa shambani ana maisha mepesi zaidi. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, laini chini na magumu juu, na alalapo hujikunja na kuifunika pua kwa mkia. Taabu yake iko miguuni. Theluji huganda kati ya vidole ikawa vigololi vya barafu, na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu humchoma nyayo. Kwa hiyo akiingia ndani miguu yake huoshwa na kupanguswa, jambo ambalo watoto hulifurahia kuliko mbwa mwenyewe. Usiku ndiye anayebweka mbweha akikaribia banda, ingawa yuko adui asiyemweza: aina ya kicheche mdogo ambaye wakati wa baridi hugeuka mweupe kama theluji, na ambaye hupenya katika tundu lisilozidi upana wa sarafu. Dhidi ya huyo dawa ni wavu wa waya wenye macho madogo.

Paka hukaa ghalani, kwa kuwa panya hukimbilia huko kulikia nafaka. Ila paka hupenda joto, na gari lililozimwa sasa hivi lina joto. Hupanda kutoka chini, akalala karibu na injini, na dereva asiyejua akiwasha gari humkatakata. Ndiyo maana madereva wengi wa huko, kabla ya kuwasha, hugonga boneti mara mbili.

Hatari nyingine imo ndani ya gari lilo hilo, nayo yawahusu pia madereva na mafundi wa makambi yetu. Dawa inayotiwa katika rejeta ili maji yasigande wala yasichemke upesi, hasa ile ya ethilini glaikoli, ina ladha tamu. Mbwa na paka huilamba. Kijiko kimoja cha chai chaweza kumuua paka, kwa maana huharibu figo zake, na mtu akingoja mpaka kesho kumwita daktari wa mifugo huwa amechelewa. Dawa ikimwagika chini ya lori hufutwa papo hapo na kuoshwa kwa maji mengi, na chombo chake huwekwa mbali na watoto pia.

Majira ya baridi ambayo watu wa Quebec hawajayasahau ni yale ya mwaka wa 1998. Kuanzia tarehe 5 Januari mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, na kila tone liligeuka barafu lilipogusa kitu. Miti ilipasuka kwa uzito, mamia ya minara ya chuma ya umeme ilikunjika, na maelfu ya nguzo za miti zikalala chini. Wateja wapatao milioni 1.4 wa jimbo hilo walikosa umeme. Kusini ya Montreal, katika sehemu iliyopewa jina la pembetatu ya giza, baadhi yao walingoja kwa zaidi ya majuma manne. Serikali ya Kanada iliwatoa askari zaidi ya 15,000, wakiwamo wa akiba, wakafungua barabara, wakakata miti, wakagonga milango ya nyumba za mbali kuuliza kama wenyewe wangali hai.

Katika siku hizo mabanda makubwa ya kisasa, yaliyotegemea umeme kwa hewa na maji, yalipata hasara ya mifugo. Nyumba yenye jiko la kuni ilipokea majirani, pamoja na mbwa wao. Na baadhi ya waliokufa hawakuuawa na baridi. Walikuwa wamewasha mkaa au mashine za umeme ndani ya nyumba zilizofungwa, na ile hewa ya sumu itokayo katika moto uliokosa nafasi ya kupumua, isiyo na rangi wala harufu, ikawachukua usingizini. Kila mke wa askari aliyewahi kuingiza sigiri ya mkaa chumbani usiku wa kipupwe na kuufunga mlango, amelala jirani na hatari hiyo hiyo.

Kuku wa Ndugu Wilfrid naye alikaribia kupotea, ila si kwa baridi. Mabanda makubwa ya biashara yalipoenea, yenye joto na taa za kila saa, hakuna aliyemtaka kuku wa kustahimili theluji. Ilipofika mwaka wa 1979 ilidhaniwa kwamba uzao wake umekwisha kabisa. Baadaye iligunduliwa kwamba katika mashamba madogo ya vijijini walikuwapo watu ambao hawakuwahi kuacha kuwafuga. Mnamo mwaka wa 1999 Bunge la Quebec lilipitisha sheria iliyomtaja Chantecler, pamoja na ng'ombe na farasi wa asili ya Kanada, kuwa sehemu ya urithi wa kilimo wa jimbo. Watawa wenyewe waliihama Oka mwaka wa 2009.

Mwezi wa Machi mchana hurefuka. Theluji hugeuka tope, ndoo ya maji haigandi tena kabla ya saa sita, na kuku waliokuwa wamepumzika huanza kutafuta viota. Bibi wa nyumba huyahesabu mayai, huweka kando yatakayoatamiwa, kisha huchukua koleo na kuyatoa matandazo ya miezi mitano kwenda kuyamwaga bustanini.