Raha ya pikipiki pasipo lami

KWA wengi wetu mjini, pikipiki ni chombo cha kukwepa msongamano wa magari. Lakini wapo watu wanaoipanda majuma kadhaa mfululizo, tena ng'ambo, wakiiacha lami makusudi. Nchi moja wanayoitamani sana ni Mongolia.

Tazama ramani utaelewa. Mongolia ni zaidi ya mara mbili na nusu ya Kenya kwa ukubwa, ilhali watu wake ni kama milioni 3.5 tu, karibu nusu yao wakiwa katika jiji kuu, Ulaanbaatar. Ukishatoka humo, nyika haina ua wala lango. Njia moja ya magurudumu hugawanyika ikawa kumi, nazo huenda zikakutana tena nyuma ya kilima. Au zisikutane! Aliyepotea hutafuta hema la wafugaji, liitwalo ger, kwani kwa desturi mlango wake huelekea kusini.

Utamu wenyewe uko mwilini. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, akaiacha pikipiki icheze chini yake kama farasi. Kwenye mchanga wa jangwa la Gobi, hupunguza upepo wa tairi ili zishike vyema. Akifika mtoni huzima injini, akaingia majini kwa miguu kupima kina. Injini ikiyanywa maji ingali inanguruma, safari huenda ikaishia hapo, na fundi yuko mbali.

Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita huko mwaka wa 2004, wakitoka London kwenda New York kwa pikipiki nzito za BMW. Ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, ilivunjika fremu, naye akajinunulia ya Kirusi, nyekundu, ya bei rahisi. Mimi ningeanza na hiyo. Mashine isiyo na kompyuta hutengenezwa kwa spana na nyundo.

Jioni ndiyo tamu zaidi. Ukikaribia ger hubishi hodi, unapaza sauti, "Shikeni mbwa!" Hiyo ndiyo hodi ya huko, hata kama mbwa hayupo. Utakaribishwa ndani na kupewa bakuli la airag, maziwa ya farasi yaliyochachuka. Ladha yake ni kama maziwa lala yenye ukali, na kileo kidogo ndani yake.