KUWALINDA WAZEE WANAOISHI KATIKA MAKAZI: DALILI ZA UDHALILISHAJI NA HATUA ZA KUCHUKUA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba mzee anayehamia katika makazi ya wazee hapotezi haki yake hata moja. Anachopoteza mara nyingi ni mashahidi. Nyumbani kwake alikuwa na jirani, mjukuu na mwenye duka, waliomwona kila siku na kutambua mara moja akikonda au akinyamaza. Ndani ya makazi wanaomwona ni wachache, na baadhi yao ndio hao hao anaowategemea kwa chakula, dawa na maji ya kuoga. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutambua udhalilishaji wa mzee aliyemo katika makazi, na hatua zinazopasa kuchukuliwa na mtu yeyote anayeuona.

Kwa wakaazi wa visiwa hivi, suala hili lina pande mbili za bahari. Kwetu majina ya Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, yanafahamika kwa muda mrefu katika kazi ya kuwahifadhi wazee. Ng'ambo, katika jiji la Tanga, yapo makazi ya wazee ya Mwanzange. Watu wa Pemba wamekuwa wakivuka kwenda Tanga kwa biashara, kazi na ndoa, na koo nyingi zina jamaa pande zote mbili. Aidha, tokea mkonge ulipoanza kupandwa katika pwani hiyo mwaka 1893, mashamba yake yalipokea vibarua kutoka mbali, walioitwa manamba, na baadhi yao walizeekea huko bila ya kurejea kwao. Mzee wa namna hiyo, asiye na jamaa wa karibu, ndiye mwenye wageni wachache kuliko wote, na kwa hivyo ndiye anayehitaji zaidi jicho la jirani.

NINI MAANA YA UDHALILISHAJI

Udhalilishaji wa mzee ni kitendo, au kuacha kutenda jambo linalopasa, kunakomletea mzee madhara au dhiki, na kunakofanywa na mtu ambaye mzee alitarajia kumwamini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Udhalilishaji una sura tano: wa mwili, kama kupiga, kusukuma au kumfunga mzee kitandani, wa maneno na moyo, kama kutukana, kutisha au kumsemesha mtu mzima kama mtoto mbele ya wenziwe, wa kijinsia, wa mali, kama kuchukua posho au pensheni yake, na utelekezaji, yaani kumwacha bila ya chakula, dawa, usafi au matibabu.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa, katika tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali, wafanyakazi wawili kati ya watatu wa taasisi za kulelea wazee walikiri kuwa wamefanya kitendo cha udhalilishaji katika mwaka uliotangulia. Takwimu hiyo haina maana kwamba walezi ni watu waovu. Mlezi mmoja anapoachiwa wazee wengi usiku kucha, bila ya mafunzo na bila ya zamu ya kumpumzisha, ukali huanza katika maneno, kisha hufika mikononi.

DALILI ZA KUANGALIA

Kwanza, mwili. Mzee akianguka, michubuko yake aghlabu huonekana magotini, miguuni na mikononi alipojizuia. Alama zinazozunguka vifundo vya mikono yote miwili, michubuko ya ndani ya mikono ya juu, shingoni au mgongoni, na majeraha ya siku mbalimbali katika mwili mmoja, zinahitaji maelezo ya kuridhisha.

Pili, matunzo. Vidonda vya kulalia, hasa kiunoni, makalioni na visiginoni, mara nyingi huonesha kuwa mzee asiyejiweza hageuzwi. Mdomo mkavu, mkojo wa rangi nzito, nguo zinazomvaa kwa upana kila mwezi na shuka lenye harufu ya mkojo wa jana ni dalili za utelekezaji.

Tatu, tabia. Mzee aliyekuwa mzungumzaji akawa kimya, anayejikunyata mlezi fulani anapoingia, au anayelala mchana kutwa kana kwamba amepewa dawa ya usingizi, anastahiki kuulizwa. Vile vile, mlezi anayekataa kabisa mgeni kuachwa peke yake na mzee anatia shaka.

Nne, mali. Pensheni Jamii ilianza kulipwa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kwa kiwango cha Shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadae ikaongezwa hadi Shilingi 50,000. Mzee mwenye haki ya fedha hiyo, ambaye hajui imepokelewa na nani wala imetumika kwa jambo gani, ana haki ya kuelezwa.

Inasisitizwa kwamba dalili moja pekee si ushahidi kamili. Ngozi ya uzeeni huvilia damu kwa urahisi, na yapo maradhi yanayomkondesha mtu ijapokuwa analishwa vyema. Kazi ya anayeona ni kuarifu. Kazi ya kuchunguza na kuhukumu ni ya wenye dhamana.

KWA NINI MZEE HASEMI

Wazee wa pwani yetu wamelelewa katika stara. Mzee ataulizwa hali naye atajibu kuwa hajambo, ingawa hakulala usiku kwa maumivu. Wapo wanaoogopa kufukuzwa, kwa kuwa hawana pa kwenda. Wapo wanaomwonea huruma mlezi asije akapoteza kazi. Na wapo waliopungukiwa na kumbukumbu, ambao wakisema hawasadikiwi. Stara ni sifa njema, lakini haikuwekwa kumfunika anayedhulumu. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

HATUA ZA KUCHUKUA

(1) Akiwa ameumia au yumo katika hatari, apelekwe hospitali mara moja na Polisi waarifiwe, ili itolewe fomu ya PF3. Ikiwa amefanyiwa udhalilishaji wa kijinsia, asioshwe wala nguo zake zisifuliwe, na afikishwe hospitali kabla ya kupita saa 72, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hazifai baada ya muda huo.

(2) Azungumzwe naye faraghani, kwa upole na bila ya kutiliwa maneno mdomoni. Inatosha kumuuliza: "Je, yupo anayekutendea jambo usilolipenda?" Asiahidiwe siri isiyoweza kutunzwa.

(3) Yaandikwe siku hiyo hiyo yaliyoonekana, pamoja na tarehe, saa na maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Picha za mzee mwenye vidonda au asiye na nguo zisisambazwe katika simu. Huo ni udhalilishaji wa pili.

(4) Taarifa ipelekwe kwa mkuu wa makazi. Akiwa yeye ndiye anayeshukiwa, au akiipuuza, ipelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya, kwa Sheha, au kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa kwa walioko Tanga. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko kutoka pande zote mbili za Muungano.

(5) Aliyetoa taarifa arudi kumzuru mzee baada ya siku chache. Ziara ya pili ndiyo inayomkinga mzee na kisasi.

Ieleweke kuwa kumpiga mtu au kumwibia ni kosa la jinai, liwe limetendeka barabarani au ndani ya makazi. Kwa Tanzania Bara inatumika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kwa Zanzibar Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018. Zaidi ya hayo, Zanzibar ilitunga sheria mahsusi ya mambo ya wazee mwaka 2020.

WAJIBU WA WATUMISHI

Wakuu wa makazi wanashauriwa kuweka daftari la wageni na daftari la majeraha, kupima uzito wa kila mzee kila mwezi, na kupanga zamu zisizomwacha mlezi mmoja peke yake usiku kucha. Mzee asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na jina la aliyemgeuza liandikwe. Fedha za mzee zipokelewe mbele ya shahidi. Utaratibu huu humlinda mzee, na pia humlinda mlezi mwema dhidi ya shutuma za uongo. Mlezi aliyechoka aseme mapema, na anayesema asihesabiwe kuwa mvivu.

Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 15 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha juu ya udhalilishaji wa wazee, na tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee Duniani. Katika siku hizo makazi hupata wageni wengi na zawadi nyingi. Wananchi wanaombwa waende pia katika siku ambazo hazina sherehe, wakae kitandani pa mzee, wamuulize jina lake na kwao, na watazame. Mzee anayejulikana kuwa ana mtu wa kumuulizia ni vigumu kudhulumiwa.