Wanyonyaji wa Majitaka Wasije Wakatunyonya Sisi

Katika vita baina ya Waingereza na Makaburu, vilivyopiganwa Afrika Kusini toka mwaka 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza askari wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Homa ya matumbo peke yake iliwaua zaidi ya 8,000. Adui huyo hakuwa na bunduki wala farasi. Alitoka katika kinyesi, akaingia katika maji, na kutoka katika maji akaingia katika vinywa vya askari. Ndiyo sababu hadi leo kadeti hufundishwa mahali pa kuchimba choo cha kambi: mbali na maji, mbali na jiko, na upande wa chini wa mteremko.

La kusikitisha ni kwamba somo hilo wengi wetu huliacha langoni mwa kambi. Askari ambaye akiwa mazoezini hathubutu kunywa maji ya mto bila kuyachemsha, akiwa nyumbani kwake humkabidhi choo chake mtu wa kwanza apitaye njiani akitangaza bei ya chee. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ulaghai huo unavyotendeka katika mji wa Kampala na viunga vyake, na jinsi mtu mwenye mshahara wa kawaida awezavyo kujikinga nao.

Mkasa wa mwandishi

Mimi mwenyewe nimepata kulaghaiwa. Nilipokuwa Luteni nilipanga nyumba iliyokuwa juu ya mteremko, na choo chake cha shimo kikajaa. Jirani aliniletea dalali ambaye alidai nusu ya bei ya kawaida. Nilifurahi, nikalipa yote kabla ya kazi. Watu wake walifika saa mbili usiku kwa gari lisilo na jina wala namba ya simu ubavuni. Walinyonya kwa muda wa robo saa hivi, kisha mmoja wao akanijia na kusema, "Afande, shimo lako limejaa matambara. Ongeza pesa, ama sivyo tunaondoka." Nikaongeza. Wakanyonya tena kidogo, wakaenda zao.

Asubuhi niliona shimo limeshuka, nikaridhika. Lakini watoto wa nyumba za chini walipopita na madumu yao kwenda chemchemini, walikuta mfereji wa maji ya mvua umejaa uchafu ule ule ambao nilikuwa nimelipia uchukuliwe. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuniuliza, nami nikasimama mbele yake nimevaa sare ya jeshi bila ya kuwa na jibu. Simu ya dalali ilikuwa imezimwa. Siku ya tisa shimo lilikuwa limejaa kama zamani. Nililipa gari jingine bei kamili, na pia nikawalipa vibarua waliosafisha mfereji. Ile nusu ya bei ilinigharimu zaidi ya bei mbili. Lakini hasara ya fedha nimekwisha kuisahau. Sura za wale watoto wenye madumu sijazisahau.

Kwa nini walaghai wapate nafasi

Walio wengi katika mji wa Kampala hawajaunganishwa na mabomba ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoundwa mwaka 1972. Hutumia vyoo vya shimo, au matangi ya majitaka yaliyofukiwa ardhini. Vyote viwili havina budi kuondolewa tope lake kila baada ya muda. Kazi hiyo hufanywa na magari yenye tangi na pampu, na mahali ambapo gari haliwezi kufika, vijana hutumia pampu ya mkono na mapipa.

Wengi wa watu hao ni wafanyakazi waaminifu, na kazi yao ni ya heshima kwa kuwa inatukinga na maradhi. Lakini kazi yenyewe hufanyika mahali ambapo mwenye nyumba hapendi kutazama. Huziba pua, hugeuza uso, hulipa na kuingia ndani. Mlaghai anaijua tabia hiyo, na juu yake hujenga biashara yake.

Hila nne zinazotumika sana

Hila ya kwanza inahusu tangi la majitaka. Mlaghai hufunua kifuniko, akamwonyesha mwenye nyumba maji yaliyofika juu, na kumtisha kwamba kesho yatafurika. Yafaa kila mmoja wetu ajue kwamba tangi zima linalofanya kazi yake vyema huwa limejaa maji siku zote, hadi usawa wa bomba la kutokea. Ndivyo lilivyoundwa. Uchafu mzito hutua chini ukawa tope, mafuta na utando huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kunywewa na ardhi. Kinachopimwa si maji bali ni tope na utando. Vikifika pamoja kiasi cha theluthi moja ya kina cha tangi, wakati wa kunyonya umewadia. Mlaghai hunyonya maji ya katikati, ambayo ni mepesi na hayaichoshi pampu yake, akaliacha tope mahali pake. Baada ya siku chache maji hurudi, nalo tope huendelea kupanda hadi lizibe bomba.

Hila ya pili ni kuuza safari badala ya ujazo. Mtu huambiwa, "safari moja ni shilingi kadha," bila ya kuelezwa gari linabeba lita ngapi. Gari laweza kuwa na tangi dogo, au laweza kufika likiwa tayari limebeba uchafu wa mteja aliyetangulia, nawe ukalipia safari nzima kwa nusu ya mzigo.

Hila ya tatu ndiyo iliyonipata mimi. Bei hutajwa ndogo, na kazi ikifika katikati hutokea sababu ya kuongeza: matambara, chupa, umbali wa mpira, au ugumu wa tope. Ni kweli kwamba takataka huziba mpira, na kuziopoa ni kazi ya ziada. Lakini fundi mwaminifu huuliza na kuchungulia kabla ya kutaja bei. Yule anayevumbua matambara usiku, mpira ukiwa tayari umo shimoni, ametega mtego.

Hila ya nne ni kuuza dawa. Huu ni unga au maji ya chupa ambayo husemwa kwamba yakimwagwa shimoni hula tope lote, wala gari halitahitajika tena. Watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walizijaribu dawa za namna hiyo katika vyoo vya shimo, wala hawakuona kwamba zilipunguza tope kuliko lile lisilotiwa kitu. Mafuta ya taa na mafuta ya gari ni mabaya zaidi, kwa maana huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na yakizama ardhini huharibu maji ya visima.

Uchafu unakwenda wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Gari linalofuata sheria hupeleka mzigo wake kwenye mitambo ya kusafishia majitaka. Mjini Kampala ipo Bugolobi na Lubigi. Huu wa Lubigi, ulio kando ya barabara ya Hoima, ulifunguliwa mwaka 2014. Huko mwenye gari hulipa ada ya kumwaga kwa kadiri ya ukubwa wa gari lake. Ongeza mafuta, mshahara wa dereva na matengenezo ya pampu, nawe utaona kwamba bei ya kawaida haikutoka hewani. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi yule anayedai nusu ya bei ameipunguza wapi? Mafuta anayanunua kituo kile kile wanakonunua wenzake. Aghalabu ameipunguza katika safari ya kwenda mtamboni na katika ada ya kumwaga. Amemwaga mtaroni, au kinamasini, au nyuma ya nyumba ya mtu mwingine.

Na tuufuate uchafu huo tuone mwisho wake. Mifereji mingi ya katikati ya Kampala huingia katika mfereji wa Nakivubo. Nakivubo hupita katika kinamasi, kisha huishia katika ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Viktoria. Ni katika ghuba hiyo hiyo ndipo Ggaba inapovuta maji yanayosafishwa na kuletwa katika mabomba ya mji. Kadiri ghuba inavyochafuka ndivyo gharama ya kuyasafisha maji inavyopanda. Na wasio na bomba, wanaochota chemchemini mabondeni, hawana mtambo wowote wa kuwakinga.

Haya si mambo ya kudhania. Kipindupindu kilienea Kampala katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998. Mwanzoni mwa mwaka 2015 mji huo huo ulikumbwa na homa ya matumbo, na wachunguzi walikuta maji na vinywaji vilivyouzwa mitaani vimechafuliwa na kinyesi. Adui wa mwaka 1900 bado yu hai, na njia yake ni ile ile.

Namna ya kujikinga

Kwanza, pima kabla na baada. Chukua mti mrefu na mkavu, ushushe hadi uguse tope, utie alama usawa wa sakafu. Kazi ikiisha ushushe tena. Tofauti ya alama hizo mbili, ukiizidisha kwa urefu na upana wa shimo, ndiyo mali uliyoinunua. Shimo lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 1.5, likishuka kwa mita 1, limetoa lita 1,500. Ukiambiwa kwamba gari la lita 4,000 limejazwa humo, fahamu kwamba lilikuja na uchafu wa mwingine, ama unadanganywa.

Pili, uliza ujazo wa gari kwa lita, na utake gari lifike tupu. Mwambie dereva afungue valvu ya nyuma kidogo kabla ya kuanza. Aliye mwaminifu hatakasirika.

Tatu, andikeni. Bei kamili, lita, namba ya gari, jina la dereva, na mahali atakapomwaga. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lipa sehemu ndogo mwanzoni, na salio ulipe baada ya kupima. Ukiweza, zuia kiasi kidogo hadi uonyeshwe risiti ya ada kutoka mtamboni. Risiti hiyo ndiyo ushahidi kwamba uchafu wako haukwenda kwa jirani.

Nne, kazi ifanyike mchana. Anayetaka kuja usiku tu, muulize sababu.

Tano, ikiwa shimo lako halikujengewa kuta za matofali, usilazimishe liondolewe tope lote. Kuta za udongo zikikosa cha kuziegemeza huporomoka, na choo huanguka pamoja nazo.

Asishuke mtu

Lipo jambo moja lisilo na mjadala. Mlaghai asiye na pampu huweza kutoa kijana ashuke shimoni na ndoo kwa bei ndogo kuliko zote. Usikubali kabisa. Humo mna hewa yenye harufu ya yai bovu, nayo ikizidi huiua pua isisikie tena harufu, hata mtu akadhani kwamba hatari imepita. Huanguka akazimia, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Mna pia hewa inayoshika moto, kwa hiyo sigara na kibatari visikaribie. Ajali ikitokea, asishuke mwingine: waitwe wazima moto wa Polisi, wenye vifaa vya kupumulia.

Familia zilizoachwa nyumbani

Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wetu wametumikia Somalia, na wengine huwa doria mbali na nyumbani kwa miezi mingi. Mlaghai hupenda nyumba ya namna hiyo. Humjia mama aliye peke yake, akamharakisha, na askari hupata ujumbe wa simu akiwa handakini: choo kimejaa, tuma pesa upesi. Basi kabla ya kuondoka mwonyeshe mwenzako mti wa kupimia na alama zake, na mwandikieni pamoja jina la mwenye gari mnayemwamini. Jirani wanne au watano wa kambi moja wakikubaliana kuita gari moja siku moja, huweza kuafikiana bei iliyo nafuu kwa haki, bila ya mtu kudanganywa.

Nanyi ndugu zetu Polisi, mlalamikaji akiwajia na kisa cha choo, msicheke. Huo ni udanganyifu wa mali kama udanganyifu mwingine, na kumwaga kinyesi mtaroni ni kosa. Namba ya gari iliyoandikwa vizuri yatosha kuanzia upelelezi.

Miaka ya nyuma tulizoea kumwita mnyonyaji yule aishiye kwa jasho la mwenzake. Huyu wa leo amekuja na mpira na pampu, lakini ni yule yule. Hatumfukuzi kwa hotuba. Tunamfukuza kwa mti wa kupimia, karatasi na kalamu, na kwa kusimama kando ya shimo letu hadi kazi iishe, hata kama pua inaumia.