Karabini ya bei ya chini: juu ya nini inalenga vizuri, na wapi hatari inaanzia

Mashariki mwa Kongo, mtu akisema bunduki ya kuwinda, wengi wanawaza kalibre 12. Kartushi yake inatawanya vyuma vidogo vingi, na mwindaji anapaswa kukaribia nyama wa pori mpaka mita 30 ao 40. Karabini ya komeo ni kitu kingine. Inatupa risasi moja tu, na risasi ile inaenda mbali sana. Ndiyo maana kulenga sawasawa si jambo la wawindaji peke yao. Linamgusa kila mtu mwenye shamba, njia ao nyumba upande wa pili wa pori.

Komeo linafanya kazi gani?

Ni chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, sawa vile komeo linafunga mlango. Mwindaji analiinua na kulivuta, ganda la risasi linatoka. Analisukuma mbele, risasi mpya inaingia. Akilishusha, linafunga kwa nguvu. Mpango huu si mpya. Kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, Ubelgiji, mwaka 1889 ili kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser za komeo, na aina ile ilifika mpaka kwa askari wa Force Publique hapa Kongo.

Bei ndogo, kazi nzuri

Zamani bunduki yenye kulenga vizuri iliomba saa nyingi za fundi. Leo mashine zinafanya sehemu kubwa ya kazi ile. Mfano ni Ruger American ya Marekani, iliyoanza kuuzwa kule 2012 kwa bei iliyotangazwa ya dola 449, wakati karabini zingine zinapita dola 1 000. Mtutu wake unafanyizwa kwa mashine za kugonga chuma. Haugusi plastiki inayoubeba, na uzito wa kuvuta kifyatulio unaweza kurekebishwa.

Mambo hayo ndiyo yanaleta usahihi. Mtutu unatetemeka kila risasi inapotoka. Kama unagusa kitu upande mmoja, hautetemeki namna moja kila mara, na risasi zinaachana. Mbao ikikaa ndani ya unyevu wa pori inavimba na kusukuma mtutu. Plastiki haivimbi. Kwa kuhakikisha, bunduki ikiwa tupu, noti ya franka inapitishwa kati ya mtutu na sehemu inayoubeba. Ikikwama, kuna mahali panagusa.

Wapimaji wanapiga risasi 3 kwenye karatasi, mita 100. Zikiachana kwa santimeta 3 hivi, bunduki ni nzuri. Nyingi za bei ya chini zinafikia hapo, ao karibu, kama zimepata masasi yanayozifaa.

Mahali kiwanda kilipunguza gharama

Komeo linaweza kukwaruza, na kisanduku cha masasi mara nyingi ni cha plastiki. Bunduki yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo inapiga bega kwa nguvu. Mtu anayeogopa pigo lile anafumba macho ao anavuta kifyatulio kwa haraka, na risasi inakwenda pembeni. Mtutu mwembamba nao unapata moto haraka, na kuanzia risasi ya nne ao ya tano shabaha inaweza kuhama. Inafaa kungoja upoe.

Mara nyingi kosa si la bunduki. Skrubu imelegea, lineti ya kulengea imegongwa njiani, ao mtu amebadilisha aina ya masasi bila kupima upya. Masasi ya kalibre nyingine hayajaribiwi hata kidogo.

Risasi isiyopata kitu

Risasi ya .30-06 inaweza kupita kilometa 3. Hata ile ndogo ya kalibre 22 inapita kilometa 1. Majani hayaisimamishi. Kwa sababu hiyo, mwindaji mwenye akili hapigi nyama aliyesimama juu ya kilima na mbingu nyuma yake. Anangoja udongo uwe nyuma ya nyama. Hapigi sauti wala majani yanayotikisika, kwa kuwa inaweza kuwa mama anayetafuta kuni.

Njiani, mtutu unakuwa bila risasi. Kidole kinakaa mbali na kifyatulio mpaka wakati wa kupiga. Kabla ya kumpa mwingine bunduki, komeo linafunguliwa. Mtu akianguka kwenye matope, anatoa masasi na kuangalia kama mtutu haukuzibika, sababu unaweza kupasuka. Nyumbani, bunduki inafungiwa mbali na watoto, na masasi pahali pengine.

Sheria nayo ipo. Silaha inaomba ruhusa, kulingana na sheria ya 1985, na uwindaji unaomba permi, kulingana na sheria ya 1982. Ndani ya Virunga, Kahuzi-Biega na Maiko, kuwinda kumekatazwa, hata kama bunduki inalenga vizuri namna gani.