Kipande cha babu na kibarua wa Nyakato (3)

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanakumbuka tulipoishia: mwajiri mkorofi haogopi sheria, anaogopa ushahidi. Sasa kima cha chini kipya cha mshahara wa sekta binafsi, ambacho tangu Januari 1, 2026 kimepanda kwa wastani kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kimezua gumzo hapa Nyakato, Mwanza. Kijana mmoja anayekata minofu ya sangara kiwandani ameniuliza, "Mzee, nitadai vipi na sina hata karatasi?"

Kabla ya kumjibu nilifungua kopo la majani ya chai nikamtolea kipande cha babu yangu. Babu, kama Wasukuma wengi wa enzi zake, alikwenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza ng'we yako, yaani kazi ya siku, unatiwa alama. Usipoimaliza, siku hiyo imeliwa. Mshahara ulisubiri alama 30 zitimie, hata kama kalenda imeshahesabu siku 40. Na chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, manamba aliyetoroka aliweza kufungwa jela. Babu hakujua kusoma, lakini kila jioni alizihesabu alama zake kwa kidole, na moja ilipopungua alimfuata karani usiku huohuo. Vijana wetu wa simu janja hawana bidii hiyo, na nasema hivyo kwa uchungu.

Leo mzigo wa ushahidi umehama. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Asipoyaleta panapo shauri, ni juu yake kuthibitisha sharti linalobishaniwa. Na kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, aliyemfanyia mtu kazi angalau wastani wa saa 45 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, huhesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kumwita "kibarua" hakumfuti. Bosi anayekwepa kuandika ili asidaiwe ni mwizi, ajapotoa sadaka kila wiki.

Nafasi inaniishia. Kijana nimempa daftari la kuandika kila siku: saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la msimamizi, fedha aliyopokea. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, siku 60. Aliyeachishwa akifika siku ya 31, ataanza kwa kueleza kwa nini alichelewa.