Moyo wa Mwanamke Baada ya Hedhi Kukoma

Mwanamke wa Likoni au Kisauni, Mombasa, aliyefikia miaka 50, akipatwa na joto la ghafula usiku na moyo kumwenda mbio, aghalabu huambiwa na jamaa zake kwamba huo ni utu uzima. Na kauli hiyo, ijapokuwa ina ukweli, humfanya aghafilike asipime presha katika wakati ambao ni wajibu zaidi kuipima.

Estrojeni, homoni itokayo hasa katika ovari, maadamu ipo kwa wingi huzisaidia kuta za mishipa kutanuka na huipunguza lehemu mbaya katika damu. Hedhi inapokoma, homoni hiyo hushuka, lehemu hupanda, mishipa hukakamaa, na chumvi ambayo mwili uliistahimili zamani huanza kupandisha presha. Hivyo bibi aliyelelewa kwa ng'onda na papa mkavu hula chakula kile kile alichokizoea, lakini kwa mwili uliobadilika. Kinga hiyo ya estrojeni kabla ya hedhi kukoma ni moja ya sababu za maradhi ya moyo kumfika mwanamke, kwa kawaida, miaka 7 hadi 10 baada ya mwanamume. Aliyekomewa na hedhi kabla ya miaka 40 yampasa hadhari zaidi.

Kwa muda mrefu matabibu wengi walidhani kwamba kumrudishia mwanamke homoni kungemkinga moyo. Utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, uliowajaribia wanawake 16,608 estrojeni pamoja na projestini, ulisitishwa Julai 2002, kwa kuwa waliomeza dawa hizo walizidi wenzao wasiozimeza kwa saratani ya matiti, kiharusi na mshtuko wa moyo. Leo dawa hizo hutolewa kutuliza joto na adha nyinginezo, hasa kwa ambaye hedhi yake imekoma karibuni, wala hazitolewi kwa ajili ya kuulinda moyo; basi kuzinunua bila ya kumwona tabibu ni hatari.

Tena mshtuko wa moyo kwa mwanamke huweza kuja bila ya maumivu makali ya kifua: pumzi humpungua, kichefuchefu humshika, taya au mgongo humuuma, naye akadhani ni asidi ya tumbo au uchovu wa foleni ya feri. Dalili hizo zikija kwa ghafula, apelekwe hospitali hima, hata kama ni usiku.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamekabidhiwa mashine za kupimia presha na sukari. Akina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mhudumu akibisha hodi, mpeni mkono apime.